Mtoto Asiyetulia Darasani

Mwezi huu tunapenda tuzungumze habari ya mtoto ambaye jina lake halipoi shuleni. Kila saa ni "Kaa chini!", "Tulia!", "Rudi mahali pako!" Mama yake akisikia hodi jioni, moyo unamwenda mbio akidhani ni mwalimu amekuja kushitaki. Kama wewe huna mtoto wa namna hiyo, mshukuru Mungu, lakini usiupite ukurasa huu. Huenda jirani yako anaye, au wewe umo katika kamati ya shule, au unafundisha shule ya Jumapili kama sisi.

Alitujia mama mmoja baada ya ibada, ameshika daftari la mwanawe. Mtoto huyo ana miaka saba na yuko darasa la kwanza. Alichelewa kutembea, akachelewa zaidi kusema, na hata sasa maneno yake ni ya kuhesabika. Hospitali walikwisha kumwambia mama kwamba mtoto ana usonji. Ndani ya daftari herufi zilikuwa chache, lakini maandishi ya wino mwekundu yalikuwa mengi: Hatulii. Anasimama ovyo. Anasumbua wenzake. Mzazi afike shuleni.

Mama alikuwa amekwisha fika mara tatu. Mara ya tatu aliambiwa, kwa upole lakini waziwazi, kwamba ingekuwa vema mtoto apumzike nyumbani mpaka "atakapokomaa". Baba wa mtoto aliona shauri hilo ni jema. Mama mkwe yeye alitaka mjukuu apelekwe kijijini akachunge mbuzi. Yule mama akatuuliza, "Dada, wakishamtoa, nani atamrudisha?"

Hatukuwa na jibu. Tunajua watoto waliotolewa shule "kwa muda", na muda ule haujaisha mpaka leo.

Kosa letu wenyewe

Kabla hatujasema la mwalimu, tuseme letu. Miaka kadhaa iliyopita, katika darasa letu la shule ya Jumapili, palikuwa na binti mdogo aliyezaliwa na hali iitwayo Down. Alikuwa mpole na mwenye kucheka, ila hakukaa. Wimbo ukiisha anasimama, hadithi ikianza anatembea. Jumapili moja tulitarajia wageni, nasi tulitaka watoto waonekane wamefundwa. Tukachukua kanga, tukamfunga kiunoni kwenye kiti chake.

Hakulia. Alitutazama tu. Wageni walipoingia wakasifu utulivu wa darasa letu, nasi tukafurahi. Ibada ilipokwisha tulifungua kanga ile tukaikuta imelowa. Mtoto alikuwa akisimama ili aende chooni. Hakuwa na maneno ya kuomba ruhusa. Kule kusimama ndiko kulikokuwa maneno yake, na sisi tulimfunga.

Tulikuwa wauguzi wenye diploma siku hiyo, na miaka mingi ya kazi wodini. Elimu ile haikutusaidia kwa sababu hatukumwuliza mtoto swali lolote. Tangu hapo tumejiwekea desturi: tukiona mtoto hatulii, kabla ya kumwambia "tulia" tunajiuliza, "Mwili wake unasema nini?" Hayo ndiyo tunayotaka mkumbuke hata kama mtasahau mengine yote. Mtoto akijibiwa anachoomba mwili wake, mara nyingi atakaa. Akinyamazishwa bila kujibiwa, tatizo linabaki palepale, tena sasa limeongezewa hofu.

Tulikwenda tukaona

Turudi kwa yule mtoto wa daftari jekundu. Tulimwomba mama twende naye shuleni, nasi tukamwomba mwalimu ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa kwa vipindi viwili. Mwalimu alitupokea vizuri. Alituambia, "Karibuni, ndugu zangu. Na nyinyi mwone ninachokiona." Tuliona. Darasa lile lilikuwa na watoto 84 na mwalimu mmoja. Ada na michango ya lazima ilipoondolewa mwaka 2016, watoto wengi waliokuwa majumbani waliingia shule, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini madarasa nayo yalifurika. Mama anayekwenda kulaumu na akumbuke kwanza idadi hiyo.

Tulichukua karatasi tukapiga mstari kila mtoto aliposimama. Kipindi cha kwanza tulipiga mistari 11. Lakini hatukuandika mistari tu, tuliandika na kilichotangulia kila mstari. Na hiki ndicho tulichokiona.

Dawati lilikuwa la watoto watatu, naye alikaa wa tatu, pembeni, nusu ya kalio lake likiwa hewani. Miguu yake ilining'inia bila kugusa sakafu. Mlango ulikuwa mbele yake, na nje ya mlango palikuwa na jiko la uji wa shule, kuni zikiwaka na wapishi wakisemezana. Alivaa sweta la sufu lililomwasha shingoni. Alilivuta kila mara. Mwalimu alipotoa maelezo marefu mtoto alianza kuyumbayumba, kisha kupiga dawati kwa viganja, kisha akasimama.

Kipindi cha pili kilikuwa cha kuimba namba na kupiga makofi, na mwalimu alimwita mara mbili aje kufuta ubao. Katika kipindi hicho tulipiga mistari 2 tu. Mtoto ni yuleyule, siku ni ileile, mwalimu ni yuleyule. Tulipomwonyesha mwalimu karatasi yetu alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe anaweza."

Kwa nini mwili hutafuta kutembea

Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Ipo na mingine, na miwili kati yake inahusika sana na kukaa. Mmoja umo ndani kabisa ya sikio, nao hutuambia kama tumesimama wima, tumeinama au tunazunguka. Mwingine umo katika misuli na viungo, nao hutuambia mikono na miguu yetu iko wapi bila kuitazama. Fumba macho uguse pua yako kwa kidole. Umeweza? Ni mlango huo umekuongoza.

Kwa baadhi ya watoto wenye usonji, mtindio wa ubongo, hali ya Down au tatizo la kutotulia na kukosa umakini, habari za milango hii hufika hafifu au zimechanganyika. Mtoto hana hakika mwili wake uko wapi, basi huyumba, huruka, hugonga miguu ili aupate. Mtoto mwenye hali ya Down mara nyingi ana misuli legevu. Kukaa wima humchosha upesi kama sisi tungeambiwa tusimame na ndoo kichwani kipindi kizima. Kwa hiyo anapojilaza juu ya dawati si uvivu, bali amechoka.

Jambo hili halikujulikana tangu zamani. Mwaka 1902 daktari wa watoto wa Kiingereza, George Still, aliwaeleza madaktari wenzake mjini London habari za watoto wasiotulia wala kusikiliza ingawa akili zao zilikuwa nzima. Aliwaeleza vizuri sana, ila aliona kwamba kilichopungua kwao ni uwezo wa kujitawala kimaadili. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na sayansi imetuonyesha kwamba tatizo hilo linahusu jinsi ubongo unavyokua na kufanya kazi. Lakini barazani kwetu bado tunasema "mama yake kamdekeza" na "samaki mkunje angali mbichi".

Anzia kwenye afya yake

Hata mtoto ambaye hali yake inajulikana anaweza kuwa na sababu nyingine ya kawaida kabisa inayomzuia kukaa. Kwa hiyo kabla ya yote, mama, chunguza haya:

Njaa. Chai ya rangi na kipande cha andazi saa kumi na mbili haimfikishi mtoto saa sita. Uji mzito, kiazi, ndizi, yai au maharage yaliyobaki jana ni bora zaidi.

Minyoo. Wapo minyoo wadogo weupe kama nyuzi ambao hutoka usiku na kuwasha njia ya haja kubwa. Mtoto halali vizuri, na mchana hakai. Zahanati watampa dawa, na mara nyingi nyumba nzima hutibiwa pamoja.

Upungufu wa damu. Mtazame ndani ya kope na viganja kama vimepauka, umpeleke akapimwe.

Masikio na macho. Masikio yanayotoa usaha, au yenye majimaji ndani yasiyoonekana, humfanya mtoto asisikie mwalimu, kisha aonekane mkaidi. Watoto wenye hali ya Down hupatwa sana na tatizo hili.

Choo. Mtoto mwenye choo kigumu huwa na maumivu asiyoweza kuyaeleza.

Usingizi. Mtoto anayekoroma sana na kufungua kinywa usiku huenda ana mafindofindo au nyama za puani zilizovimba. Mtoto aliyekosa usingizi hasinzii kama mtu mzima. Mara nyingi ndiyo kwanza huruka.

Kifafa cha kuzubaa. Mtoto hukatika ghafla, macho yakatazama mbali kwa sekunde chache, kisha akaendelea kama kawaida bila kujua lililotokea. Ikitokea mara nyingi kwa siku, anapoteza nusu ya somo. Hiki hutibika, lakini ni lazima daktari amwone.

Hapa tunaomba sana jambo moja. Wapo mama wanaompa mtoto dawa za mafua zinazoleta usingizi ili atulie shuleni. Tafadhali, usifanye hivyo. Huko ni kumlevya. Kuna dawa za kweli kwa baadhi ya watoto wenye tatizo la kutotulia, lakini hutolewa na daktari baada ya uchunguzi. Naye daktari hapimi kwa siku moja. Hutaka kujua kama dalili zimedumu miezi 6 au zaidi, na kama zinaonekana nyumbani na shuleni pia, si mahali pamoja tu.

Kiti kimfae mtoto

Akina mama, tunapima mguu wa mtoto kabla ya kununua kiatu, lakini kiti hatupimi. Mtoto aliyekaa vizuri nyayo zake zote zimegusa chini, magoti yamekunjwa kama kona ya meza, kalio limefika nyuma ya kiti, na kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti panaingia vidole viwili au vitatu. Meza inafika usawa wa kiwiko chake. Kimoja kikikosekana, nguvu zote za mtoto zinakwenda katika kujizuia asianguke, na masomo hayapati kitu.

Huhitaji fedha nyingi kurekebisha. Miguu ikining'inia, weka chini ya dawati kisanduku cha mbao au matofali mawili yaliyozungushiwa gunia. Benchi likiteleza, tandika kipande cha mpira wa tyubu. Mwombe mwalimu amtoe pembeni, amweke mbele karibu naye, ukutani upande mmoja, mbali na mlango na dirisha. Awekwe kati ya watoto wawili watulivu, wala asiwekwe peke yake nyuma kama mfungwa. Wale wadogo wanaokaa mkekani, wachorewe kwa chaki duara la kila mmoja, ili mtoto aone mahali pake panapoanzia na kuishia.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anahitaji kiti cha kumshika mwili. Huko Zimbabwe, Bevill Packer alieneza ufundi wa kutengeneza viti kwa maboksi na karatasi kuukuu, tabaka juu ya tabaka, zikigandishwa kwa gundi ya uji wa unga. Kikikauka kabisa na kupakwa rangi kinakuwa kigumu kama ubao, nacho hukatwa kwa kipimo cha mtoto mmoja tu. Kazi hiyo kikundi cha wanawake kinaweza kuifanya, ila mtaalamu wa mazoezi ya viungo aonyeshe vipimo kwanza, na kiti kiwekwe mbali na maji na panya.

Hapo mtatuuliza, "Na mkanda je? Si mlisema msifunge?" Mkanda mpana unaopita nyongani, uliopimwa na mtaalamu, humshika mtoto ambaye mwili wake hauwezi kukaa wenyewe ili mikono yake iwe huru kuandika. Huo ni msaada. Kumfunga mtoto anayeweza kutembea ili asitembee ni adhabu, hata kama kanga ni mpya na fundo ni laini. Tunajua tunachosema.

Mpe nafasi ya kutembea

Hili huwashangaza wengi: mtoto asiyetulia akitaka kukaa, lazima kwanza apate kujongea. Asubuhi kabla ya shule mpe kazi ya nguvu inayolingana na umri wake, kubeba kidumu kidogo cha maji, kusukuma toroli, kukamua nguo. Kazi ya kuvuta na kusukuma huipa misuli habari inayoitafuta. Kama shule ni karibu na njia ni salama, atembee badala ya kupakiwa bodaboda.

Darasani mwalimu anaweza kumfanya mjumbe wake: kufuta ubao, kugawa madaftari, kupeleka chaki ofisini akifuatana na mwenzake. Kipande cha tyubu ya baiskeli kikifungwa kati ya miguu miwili ya mbele ya dawati, mtoto atakisukuma kwa miguu yake bila kelele huku akisikiliza. Wengine huandika vizuri zaidi wakiwa wamesimama. Kama haziba wenzake, aandike amesimama. Na darasa zima la watoto 84 likisimama mara moja katikati ya kipindi, likanyoosha mikono juu na kuimba ubeti mmoja, hakuna atakayepoteza kitu.

Wengine hutulizwa na kimfuko cha maharage cha kama nusu kilo kikiwekwa mapajani kwa dakika chache. Wataalamu hawajathibitisha kwamba humsaidia kila mtoto. Kwa baadhi hakileti tofauti yoyote. Ukijaribu, mtoto awe na uwezo wa kukiondoa mwenyewe, na kamwe kisiwekwe shingoni wala usoni.

Dakika tatu ni mwanzo mzuri

Pima mtoto anaweza kukaa muda gani leo. Kama ni dakika tatu, basi usidai ishirini. Mpe kazi ya dakika tatu, kisha mruhusu ainuke kabla hajainuka mwenyewe. Hiyo "kabla" ni muhimu. Akipewa mapumziko baada ya kukimbia, atajifunza kwamba kukimbia ndiko kunakoleta mapumziko. Akipewa baada ya kukaa, atajifunza kwamba kukaa kuna faida. Wiki ijayo iwe dakika nne. Fanyeni hivyo nyumbani pia, wakati wa kula na wakati wa sala ya jioni, maana mtoto asiyezoea kukaa mezani kwa mama yake hataanzia kwa mwalimu.

Mwambie maneno machache, moja moja. "Kaa. Miguu chini. Tazama mwalimu." Hotuba ndefu humpotea njiani. Mtoto asiye na maneno mchoreeni picha: dawati, ubao, uji, mpira, nyumbani. Dada yake mkubwa aweza kuzichora kwenye maboksi, zikaning'inizwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba kwa utaratibu wa siku, ili mtoto ajue linalofuata. Na zaidi ya hizo, awe na picha mbili mfukoni mwake: moja ya kuomba kupumzika, na moja ya choo. Hiyo ya choo msiisahau. Binti yetu wa shule ya Jumapili angekuwa nayo, tusingekuwa na hadithi ya kuwasimulia.

Akifanya vema mwambie palepale, na umwambie alilolifanya. "Umekaa mpaka hadithi imekwisha. Vizuri sana, mwanangu." Mtoto huyu amesikia makosa yake kutwa nzima. Sifa za kweli kwake ni chache mno.

Kuzungumza na mwalimu

Usiende shuleni mara ya kwanza siku ya ugomvi. Nenda siku njema, umsalimu mwalimu kwa heshima, umweleze hali ya mwanao kwa maneno mafupi: nini humtuliza, nini humtisha, anaombaje choo. Mwandikie katika karatasi moja. Mwulize yeye naye ameona nini, maana yuko naye saa nyingi. Peleka kitu mkononi kama kile kisanduku cha miguu, usipeleke madai tu. Mkubaliane jambo moja au mawili ya kujaribu, mkutane tena baada ya wiki mbili.

Lakini upole usikufanye ukubali mtoto atolewe shule. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, ambayo inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma kama wenzake. Mkishindwa kuelewana, mwone mwalimu mkuu, kisha ofisa wa elimu maalumu katika halmashauri yenu. Chuo cha ualimu cha Patandi, mkoani Arusha, hufundisha walimu wa elimu maalumu; uliza kama katika kata yenu yuko aliyesoma huko. Kwa upande wa tiba, hospitali kama KCMC ya Moshi, na Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam, zina wataalamu wa mazoezi ya viungo na wa tiba kwa vitendo, wale wanaomfundisha mtoto kutumia mwili wake katika shughuli za kila siku. Anzia hospitali ya wilaya, uombe barua ya rufaa.

Na fimbo? Kanuni zilizotolewa mwaka 2002 ziliiweka mikononi mwa mwalimu mkuu au yule aliyemteua kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na kila mara iandikwe kitabuni. Hazikumpa kila mwalimu ruhusa ya kutembea na fimbo darasani. Lakini tuache kanuni, tuseme kama wauguzi: fimbo haiongezi nguvu katika misuli legevu, wala haiondoi majimaji sikioni. Mtoto anayepigwa kwa jambo asiloliweza hujifunza kuogopa shule tu.

Yule mtoto yuko wapi?

Mtapenda kujua. Baba yake, ambaye alikuwa amekata tamaa, tulimpa vipimo vya kisanduku cha miguu. Alikipiga misumari mwenyewe jioni moja, akakipeleka shuleni mwenyewe, na huko akakaa nyuma ya darasa kipindi kizima. Aliporudi nyumbani habari ya kumpumzisha mtoto hakuitaja tena. Sweta lilibadilishwa kwa la pamba. Mwalimu akamhamisha mtoto mbele, akampa kazi ya ubao.

Hatutaki kuwadanganya. Mtoto hajawa kama wenzake. Mvua ikipiga mabati huziba masikio na kutoka mbio, na mwenzake mmoja amepewa kazi ya kusimama naye barazani mpaka ipungue. Kusoma bado hajasoma. Lakini mwisho wa muhula mama yake alituletea lile daftari tena. Kwa wino uleule mwekundu mwalimu alikuwa ameandika: Leo amekaa dakika 10. Amefuta ubao mara mbili. Mama alilisoma mara tatu mbele yetu, akalifunga, akalitia ndani ya mkoba wake pamoja na Biblia.

Mnakumbuka habari za Hana, mama yake Samweli. Kila mwaka alikuwa akimshonea mwanawe kanzu ndogo na kumpelekea kule hekaluni. Sisi akina mama tunajua maana yake: kanzu ya mwaka jana haikumfaa mwaka huu, basi ilimpasa Hana ampime upya, kwa urefu aliokuwa nao mwaka ule. Hakushona kanzu ya mtoto wa jirani, wala ya mtoto aliyemwota. Mama mwenzetu, mpime na wewe wa kwako kama alivyo mwaka huu. Anza na miguu yake: je, inagusa chini?

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumzia mtoto anayekojoa kitandani na namna ya kumsaidia bila kumwaibisha. Mpaka hapo, amani na ikae nyumbani mwenu.